Ubongo Wako Haukosi Oksijeni

"Dokta, nivute pumzi kubwa ngapi ili ubongo upate oksijeni ya kutosha nitulie?" Huniuliza hivyo mwalimu, huniuliza dereva wa bodaboda, huniuliza mhasibu, na maneno yao karibu ni yale yale. Kila mmoja ameshajaribu kabla ya kuuliza. Ameinua mabega, amejaza kifua, amerudia harakaharaka, kisha kizunguzungu kimemshika akaamua kwamba mazoezi ya pumzi hayamfai. Leo nalijibu swali hili kwa maandishi, kwa sababu limeshawakatisha tamaa watu wengi mno.

Mwenye mapafu mazima, akiwa ameketi tu na anahema bila kuwaza lolote, damu yake imeshabeba oksijeni kwa asilimia 95 hadi 100 ya uwezo wake. Kile kipimo cha kubana kidoleni, ambacho wengi walikijua wakati wa UVIKO-19, kitakuonyesha. Sasa ukiwa na 98, unatafuta nini tena? Ukihema kwa nguvu utaongeza kiasi kidogo mno. Kinachobadilika sana ni hewa ukaa, na matatizo yote huanzia hapo.

Shuleni tulifundishwa kwamba hewa ukaa ni taka ya kutolewa nje, basi. Hatukuambiwa kwamba kiasi chake katika damu ndicho kinachosaidia mishipa ya ubongo ibaki imetanuka. Ukihema kwa nguvu na kwa kasi, unaitoa kuliko mwili unavyoitengeneza. Mishipa inasinyaa, na damu inayofika ubongoni inapungua. Isitoshe, mwaka 1904 mwanafiziolojia wa Denmark, Christian Bohr, na wenzake walionyesha kwamba hewa ukaa ikipungua, himoglobini, inayobeba oksijeni katika damu, huing'ang'ania badala ya kuiachia. Yaani umevuta hewa tele, na ubongo umepata pungufu! Ganzi ya vidole na midomo, kichwa chepesi, moyo unaokwenda mbio: mtu amekuja na hofu, nasi tumemfundisha kujitengenezea dalili za hofu. Wanaoeneza ushauri huu wa kuhema kwa nguvu wanapaswa kuuacha.

Anayebisha awaangalie wazamiaji wa kushika pumzi. Kijana huhema kwa nguvu mara nyingi kabla ya kuzama, akiamini anajaza oksijeni, na kweli hukaa chini muda mrefu zaidi. Lakini kinachotulazimisha kuvuta pumzi ni hasa kupanda kwa hewa ukaa. Yeye ameshaipunguza, kwa hiyo onyo linachelewa, oksijeni inaisha kabla hajahisi lolote, anazimia majini. Watu hufa hivyo.

Na ule mfuko wa karatasi ambao watu wenye hofu huhemea kwenye filamu, uacheni. Kama shida ni pumu au moyo, mfuko unamnyima mgonjwa oksijeni wakati anapoihitaji kweli. Kifua kikiuma, au pumzi ikikubana ghafla bila sababu unayoijua, nenda hospitali.

Kinachotuliza ni pumzi ya taratibu, hasa inayotoka polepole, kwa kuwa moyo hupunguza mwendo kidogo kila tunapotoa pumzi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ utafiti wa watu waliosali rozari kwa Kilatini au kukariri mantra. Kuhema kwao kulishuka hadi pumzi kama 6 kwa dakika, na mapigo ya moyo yakafuata mwendo huo. Hakuna aliyewaagiza wajaze vifua. Hata mafundisho ya kale ya Kibudha ya Anapanasati, ambayo ni miongoni mwa vyanzo vya programu ya uzingativu (mindfulness) aliyoianzisha Jon Kabat-Zinn mwaka 1979 katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, humtaka mtu kwanza aitambue pumzi ilivyo, iwe ndefu au fupi. Uzingativu ndio huo: kuijua pumzi inayopita sasa hivi.

Basi anza. Keti kwenye kiti, mkekani, hata ndani ya daladala ikiwa si wewe unayeendesha. Funga mdomo, hema kwa pua, mabega yatulie. Isikie hewa puani au tumboni, popote unapoisikia vizuri. Iache itoke polepole kuliko ilivyoingia, bila kuisukuma. Ukitaka, hesabu kila inapotoka, 1 hadi 10, urudie. Akili ikikimbilia ada ya shule au deni la duka, na itakimbia, irudishe bila kujigombeza. Huko kuirudisha ndilo zoezi lenyewe. Dakika 5 kwa siku zinatosha kuanzia. Kizunguzungu kikija, unahema kupita kiasi, punguza. Dawa za presha na pumu ziendelee kama ulivyoandikiwa. Wapo ambao kuifuatilia pumzi huwazidishia wasiwasi, hasa waliowahi kunusurika ajali au kuumizwa. Hao wasikie nyayo zinavyogusa sakafu au sauti za nje, kwa dakika zile zile 5.