Huna chaki ya lethi? Bakuli dogo litakerezwa tu

Umepata kipande cha mwembe kilichokauka, upana sentimita 12, unene 5 tu. Kwa macho hilo tayari ni bakuli la karanga. Swali ni moja: utakishika vipi kwenye mashine?

Vijana wengi wa jua kali hukwama hapa. Unatazama video, fundi wa ng'ambo anabana mbao kwa chaki ya meno manne (si ile ya ubaoni!), dakika mbili maranda yanaruka. Chaki hiyo bei yake si mchezo. Lethi nyingi za mitaani, zile za kukereza miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, ukibahatika utapata bamba la chuma la mviringo lenye matundu ya skrubu, basi. Bamba hilo linatosha. Tena anayeanza, kwa maoni yangu, afadhali alizoee kwanza.

Ila ukilifunga ovyo litakula bakuli lako. Skrubu zikizama sentimita 2 upande wa kitako, umebakiwa na 3 za kuchimba. Hicho ni kisosi. Kwa hivyo geuza: funga bamba upande wa mdomo, katikati ya duara ulilochora kwa bikari. Matundu yatabaki pale utakapochimba baadaye, na yote yatakwenda na maranda. Tumia skrubu za mbao. Zile nyeusi nyembamba za dari ya jipsamu hukatika vichwa, achana nazo.

Kereza nje, kisha sawazisha kitako kiwe bapa kabisa. Sasa tafuta kipande cha mbao ngumu cha kutupwa, unene sentimita 4 hivi, ukibandike kitakoni kwa gundi nyeupe ya mbao. Nyuzi za vipande vyote viwili zielekee upande mmoja. Bana kwa jiriwa, uende ukalale. Ndiyo, hadi kesho. Hapa hakuna chap chap. Plaiwudi usiitumie maana tabaka zake huachana, na mbao mbichi haishiki gundi hii vizuri.

Kesho yake, bamba linahamia kwenye kile kipande cha kutupwa. Skrubu zinauma huko, bakuli lako halijaguswa, unene wote ni wako. Chimba ndani kwa bobari, piga msasa, kisha ukate kwenye gundi. Wapo wanaoweka karatasi ya gazeti katikati ya gundi ili patasi itenganishe kwa urahisi. Inafanya kazi, lakini kiungo huwa dhaifu, kwa hivyo mkono uwe mwepesi.

Usalama nao si wa kuchezea. Kwa mizunguko 1,000 kwa dakika, ukingo wa kipande hicho unakwenda karibu kilomita 23 kwa saa, na kikichomoka kinatafuta uso. Zungusha kwanza kwa mkono uone hakigongi popote. Anza na mizunguko 500 hivi, mkia wa lethi ukikisukuma kwa mbele kadiri unavyoweza. Vaa kinga ya uso. Simama kando, si mbele yake. Glavu na mikono mirefu ya shati, hapana.

Mlio ukibadilika, ukasikia tak-tak, zima mashine kwanza. Kagua skrubu, kagua mstari wa gundi. Ukiona umefunguka hata kwa upana wa unywele, bandua, safisha, paka upya, na bakuli lisubiri siku nyingine.