Samaki Adimu na Dadu Isiyo na Kumbukumbu
Mwaka 2004 kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani ilitoa World of Warcraft, mchezo wa kompyuta unaochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kupitia intaneti. Humo mvuvi stadi wa kubuni, Nat Pagle, aliwatuma wachezaji kumletea samaki wanne adimu, kila mmoja kutoka maji yake. Asiyewapata hakupanda daraja ya uvuvi.

Mchezaji hutupa mshipi, hungoja boya litikisike, kisha huvuta. Lakini majini hamna kitu. Samaki huamuliwa na kompyuta za kampuni kwa namba za nasibu, mithili ya dadu.

Hapo ndipo wengi hupotoka. Chukulia kwamba samaki atakiwaye hutokea mara 1 katika 20. Aliyetupa mara 20 bila kitu huamini kuwa mtupo wa 21 ni wake. La! Uwezekano ungali ule ule, 1 kwa 20. Uwezekano wa kukosa mara 20 mfululizo ni 0.95 kwa kipeo cha 20, yaani karibu 0.36. Basi kati ya wavuvi 100, 36 hivi hurudi mikono mitupu. Hata baada ya mitupo 60 husalia 5 hivi. Hao ndio hudai kuwa mchezo umeharibika, na sauti yao husikika kuliko ya waliopata.

Baadhi ya watungaji wa michezo sasa huongeza uwezekano kila mchezaji anapokosa. Katika michezo hiyo, dadu imepewa kumbukumbu.