Kinachoziua Chaja za Karavani

Chaja ya karavani ikifa, mwenyewe hununua nyingine na kuifunga palepale, kwa nyaya zilezile, kwa betri ileile. Haupiti muda mrefu hiyo nayo inazimika, na mtengenezaji anatwishwa lawama zote. Sehemu ya lawama hizo anastahili. Lakini chaja nyingi huuawa na mahali zilipowekwa na betri zinayoihudumia, na mtu anayebadilisha chaja bila kumtafuta muuaji anatupa fedha yake.

Karavani ni nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa na gari. Uingereza inaihesabu historia yake ya likizo za namna hii tangu 1885, Dkt. William Gordon Stables alipoundiwa The Wanderer na kiwanda cha Bristol Wagon & Carriage Works, ikavutwa na farasi. Ya leo ina taa, pampu ya maji, feni ya kipasha joto na mitambo ya friji, na karibu vyote hivyo vinategemea umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri iliyofichwa kwenye sanduku lake. Ikifika kambini inachomekwa kwenye umeme wa volti 230. Hapo ndipo chaja inapoanza kazi zake mbili kwa pamoja: kuijaza betri, na kuvilisha vyombo vyote vinavyowashwa wakati huohuo. Watu huikumbuka kazi ya kwanza tu, ilhali ya pili ndiyo inayoifanya isipumzike.

Chaja za zamani zilikuwa na transfoma nzito ya chuma na shaba pamoja na diodi chache, basi. Ziliunguruma, zilikuwa na uzito wa tofali, na nyingine zimedumu miongo. Za sasa hufanya kazi kwa njia tofauti. Umeme wa volti 230 hunyooshwa kwanza uwe mkondo wa upande mmoja wa volti zipatazo 325, kisha transista huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ukapita kwenye transfoma ndogo na kunyooshwa tena uwe volti 13 au 14. Faida yake ni kubwa: chaja inakuwa nyepesi na haipotezi umeme mwingi, na kwenye karavani kila kilo inahesabiwa. Gharama yake ni kwamba ndani sasa kuna vipuri vingi, na vingine havipatani na joto.

Dhaifu kuliko vyote ni kapasita za umajimaji, vile vikopo vidogo vya alumini vinavyosimama kwenye bodi. Ndani yake mna kimiminika ambacho hukauka polepole, na kasi ya kukauka inatawaliwa na joto. Mafundi wa elektroniki wana kanuni moja wanayoitegemea: kila nyuzijoto 10 zikiongezeka, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Chukua kapasita ya kawaida iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzijoto 105. Ikifanya kazi kwenye nyuzijoto 65, inaweza kufikisha saa 32,000. Kwenye nyuzijoto 85 zinabaki saa 8,000, na mwaka mzima una saa 8,760. Yaani chaja ileile, yenye vipuri vilevile, iliyochomekwa mfululizo, inaweza kudumu zaidi ya miaka mitatu kwenye kabati lenye hewa, au isimalize mwaka kwenye kabati lililoziba. Hakuna aliyeitendea vibaya, na hakuna aliyeiangusha. Imepikwa tu.

Sasa tazama inawekwa wapi. Chini ya kitanda, au chini ya kabati la nguo, kwenye kona ambayo hakuna aliyeihitaji kwa kitu kingine. Chaja inayotoa ampea 20 kwa volti 13.8 inatoa wati 276, na hata ikiwa na ufanisi wa asilimia 85, karibu wati 50 zinageuka joto ndani ya kasha lake. Wati 50 ndani ya kisanduku cha mbao kilichofungwa ni nyingi. Halafu familia inaanza safari, blanketi na mifuko inasukumwa humo, feni ya chaja inavuta vumbi na manyoya ya mbwa mpaka inakwama. Feni ikisimama, chaja iliyotengenezwa kwa uangalifu hujipunguzia ampea. Iliyotengenezwa kwa kubana gharama huendelea mpaka kitu kiungue.

Muuaji wa pili ni betri yenyewe. Betri ya risasi na asidi, ambayo Mfaransa Gaston Planté aliivumbua mwaka 1859, ina vyumba sita vya takriban volti mbili kila kimoja. Chumba kimoja kikifa kwa shoti, betri haiwezi tena kufikia volti ambazo chaja inazisubiri ili ipunguze kasi. Chaja inaamini betri bado ina njaa, inasukuma ampea zake zote usiku na mchana, na betri inachemka. Ukisikia harufu ya mayai viza ndani ya karavani, zima umeme wa nje mara moja, fungua milango na madirisha, watoe watu, usiwashe kiberiti. Hewa hiyo ni sumu, na hidrojeni inayotoka pamoja nayo hulipuka. Ukiifunga chaja mpya kwenye betri kama hiyo, umeihukumu kifo siku ileile.

Betri za lithiamu zimeleta jambo jingine ambalo wauzaji hawalielezi vya kutosha. Betri ya risasi inapokaribia kujaa hupokea kidogo kidogo, na chaja inapata nafasi ya kupoa. Lithiamu hupokea kwa nguvu ileile karibu mpaka mwisho. Betri tupu ya ampea-saa 100 itaishikilia chaja ya ampea 20 kwenye kiwango chake cha juu kwa saa tano hivi bila kupumua, na chaja nyingi zilizofungwa kwenye karavani za miaka ya nyuma hazikuundwa kwa mbio za namna hiyo. Isitoshe, chaja zenye volti 13.8 zisizobadilika, ambazo karavani nyingi za Uingereza zilitoka nazo kiwandani, zinaweza kuchukua muda mrefu kuijaza lithiamu kabisa. Anayebadilisha betri bila kuitazama chaja amefanya nusu ya kazi.

Kuna chaja ambazo hazijafa kabisa lakini zinatupwa. Aina fulani hazitoi umeme wowote mpaka zihisi betri upande wa pili, kwa hiyo fyuzi ya betri ikikatika, au betri ikishuka mno, chaja inakaa kimya kama mfu. Nyingine inasingiziwa kosa la nyaya. Ikiwa kutoka kwenye chaja hadi betri ni mita tano kwa waya wa milimita mraba 2.5, kwenda na kurudi ni mita 10, na ampea 20 zikipita humo volti 1.4 hivi zinapotelea njiani. Chaja inatoa 14.4, betri inapata 13. Tumia waya wa milimita mraba 6 na upotevu unashuka kufikia takriban volti 0.6. Kwa hiyo mita ya umeme ya bei ndogo inafaa kushikwa kabla ya pochi: pima kwenye chaja, kisha kwenye vichwa vya betri, wakati umeme unapita. Betri nzima ya risasi iliyojaa na kupumzishwa usiku kucha husoma volti 12.7 hivi, ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu.

Umeme wa kambini una vituko vyake pia. Kebo ndefu iliyoachwa imeviringwa kwenye gurudumu lake hupata joto hata kuyeyuka, na volti zikishuka chaja ya kisasa huvuta ampea zaidi ili kufidia. Ukitumia jenereta badala yake, liwashwe kwanza, litulie, ndipo chaja ichomekwe. Na ichomolewe kabla ya kulizima.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa huenda hana karavani, lakini chaja za jinsi hii zimo kwenye magari ya safari yenye betri ya pili na kwenye mitambo ya akiba ya majumbani umeme unapokatika. Kwake joto lina sura ya pili. Volti za kuchajia betri ya risasi huandikwa kwa nyuzijoto 25, na kila nyuzijoto inayozidi inataka volti zipunguzwe kwa takriban 0.02. Kwenye chumba chenye nyuzijoto 40, volti 14.4 inatakiwa iwe 14.1. Chaja isiyo na kihisi cha joto kwenye betri haijui hilo, na itayachemsha maji ya betri mwaka mzima.

Ningependa watengenezaji waandike kwenye kila boksi ampea ambazo chaja inaweza kutoa mfululizo na joto la chumba lililotumika kupimia. Ningependa pia feni iwe kipuri kinachofunguliwa kwa bisibisi. Kuifunika bodi nzima kwa gundi ngumu kunaikinga na unyevu, jambo zuri kwa karavani inayolala nje majira ya baridi, lakini kunamnyima fundi nafasi ya kubadilisha kapasita ya bei ya soda.

Kwa chaja inayofunguka, fundi aisome kabla ya kuitupa. Kapasita zilizovimba vichwa zinasema joto. Plastiki nyeusi kwenye viungio inasema skrubu ililegea barabarani. Transista zilizopasuka upande wa volti 230 humwelekeza kwenye jenereta au umeme wa kambini. Ila asiguse kitu kabla ya kuipima kapasita kubwa ya upande huo, kwa maana inaweza kuwa bado na volti 325 muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa.