Kushukuru Katika Likizo ya Dhiki



Kila turudipo kutoka likizo, walimu hutuuliza tumepata faida gani nyumbani. Wengi hujibu kwamba wamepumzika. Mimi nilirudi mwezi wa Februari nikiwa na malengelenge mikononi, nami napenda kueleza jambo nililojifunza, maana nadhani litawafaa wale ambao hali ya kwao si nzuri.

Kwetu ni katika mlima wa Elgon, upande wa Uganda. Huko watu hupanda kahawa chini ya kivuli cha migomba. Kahawa huleta fedha kwa msimu, lakini mgomba ndio ulishao nyumba siku zote, na mkungu ukipelekwa sokoni hurudi kuwa chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba migomba yake imekufa, ujue kwamba jiko lake limezimika.

Nilipofika nyumbani mwezi wa Desemba, niliona tangu barabarani kwamba majani yamegeuka manjano na kunyauka, ingawa ardhi ilikuwa bado na unyevu. Baba alipasua ndizi moja akanionyesha madoa ya rangi ya kutu ndani yake. Alipokata shina, utomvu wa manjano ulitoka polepole. Huo ndio ugonjwa wa mnyauko. Wataalamu waliueleza mara ya kwanza huko Ethiopia mwaka 1968, nao ukaonekana Uganda mwaka 2001, kisha ukaenea katika nchi jirani. Huletwa na vijidudu viitwavyo bakteria, na mgomba ukiisha kupatwa hauna dawa.

Naona haya kuandika neno nililomwambia baba siku ile. Nilisema, "Basi ada yangu itatoka wapi?" Baba hakujibu. Alichukua jembe akaenda zake. Sikukuu ya Krismasi tulikula mihogo na maharagwe bila nyama, nami nilikataa kwenda kuwaamkia rafiki zangu kwa sababu viatu vyangu vilikuwa vimetoboka. Nilinuna siku tatu.

Siku ya nne bibi aliniita jikoni. Akasema, "Mjukuu wangu, wajua kwamba panga lililoua shamba hili ndilo lililokusomesha?"

Nikamwomba anieleze. Alisema kwamba mwezi wa Agosti mgomba mmoja ulianza kuugua pembeni. Bwana shamba akaagiza ung'olewe mara moja, na kila panga lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Lakini ada ya muhula wa tatu ilikuwa inatakiwa. Baba akaogopa kwamba ugonjwa utamtangulia, akakata mikungu upesi upesi ili aiuze, akipita toka shina hadi shina kwa panga lile lile. Ada ikapatikana. Panga nalo likawa limebeba ugonjwa shamba zima. Wakati huo mimi nilikuwa darasani nikisoma habari za bakteria katika somo la Biolojia.

Wahenga walisema, fadhila za punda ni mateke. Nilikaa pale jikoni nikamjua punda.

Zamani nilidhani kwamba shukrani ni ile furaha ya mtu aliyepewa kitu, na asiyepewa hana la kushukuru. Sasa naona kwamba shukrani huanza kwa kujua. Mtu hawezi kushukuru kwa kitu asichojua kimegharimu nini, na sisi tulio shuleni hupewa vitu vingi ambavyo gharama yake imefichwa kwa makusudi ili tusome kwa amani.

Ukiisha kujua, sharti useme. Asubuhi yake nilimfuata baba shambani. Nikasema, "Baba, bibi ameniambia habari za panga. Nisamehe kwa neno lile." Akasema, "Hukujua, mwanangu. Shika jembe."

Na ukiisha kusema, kazi imebaki. Tuling'oa migomba migonjwa pamoja na mizizi yake muda wa majuma mawili. Ile michache iliyosalimika tuliiondolea lile tumba jekundu lining'inialo chini ya mkungu, kwa maana wadudu hulitembelea na kuleta ugonjwa. Hatukulikata kwa kisu, bali tulilivunja kwa kijiti chenye panda. Mzee mmoja jirani yetu alikuja asubuhi tatu na wanawe kutusaidia, akaleta na mbegu za maharagwe za kupanda mahali palipong'olewa. Nilipomshukuru alisema, "Mimi nalipa tu. Mke wangu alipolazwa hospitali, mama yako alimpelekea chakula mwezi mzima." Sikuwa nimepata kusikia habari hiyo, ingawa naishi nyumba moja na mama yangu.

Nisieleweke vibaya. Shukrani haijazi chungu, wala si haki kumwambia mwenye njaa ashukuru ili anyamaze. Nusu ya ada yangu ililipwa kwa fedha za kahawa, na nusu nyingine nadaiwa hata leo niandikapo haya. Lakini nyumba ambayo kila mtu hunung'unika peke yake huona dhiki mbili, na sisi tulibaki na moja.

Bwana shamba amesema ardhi ikae miezi sita bila mgomba, ndipo tupande machipukizi safi. Likizo ya Agosti itanikuta nyumbani, na panga nitalipitisha motoni mimi mwenyewe.

Nanyi wenzangu, mtakapofika kwenu mkakuta mambo yameharibika, msiulize upesi ada ya muhula ujao itatoka wapi. Ulizeni kwanza ile ya muhula uliopita ilitoka wapi.