Kwa Nini Panya? Kufundisha Habari za Kingamwili katika Darasa la Sita

Katika shule moja ya msingi huko Mishamo, mwanafunzi-mwalimu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha aliwaeleza watoto wa Darasa la Sita kwamba kipimo cha malaria cha zahanati kimetiwa "dawa ya panya". Nia yake ilikuwa njema, kwani alikwisha kusoma mahali kwamba ndani ya kipimo kile mna kitu kitokacho kwa panya. Lakini kila mtoto ajua dawa ya panya ni nini: ni sumu itegwayo ghalani. Juma lililofuata msichana mmoja mwenye homa alificha vidole vyake mbele ya mganga.

Kitu chenyewe ni kingamwili. Mwili unapoingiwa na kitu kigeni, baadhi ya seli zake hutengeneza protini za kukinasa, na kila aina ya kingamwili hunasa umbo lake tu. Mtaalamu wa maabara aliona zamani kwamba uwezo huo waweza kuwa chombo cha kupimia: ukitaka kujua kama protini fulani imo katika tone la damu, tafuta kingamwili inayoinasa.

Hapo huzuka swali la watoto: kwa nini panya? Namsihi mwalimu asilijibu upesi, bali aliachie darasa lihangaike nalo kidogo. Mwili wa mtu aghalabu hautengenezi kingamwili dhidi ya protini zake wenyewe, kwa hiyo mtu hafai kutupatia kingamwili za kunasa protini za binadamu. Panya huziona protini hizo kuwa wageni. Akidungwa kiasi kidogo, mwili wake huwaandalia wageni hao upinzani. Tena si panya wa ghalani. Ni kijipanya kidogo, mara nyingi cheupe, kinachofugwa maabarani. Lugha yetu ina neno "panya" kwa wote wawili. Kirundi nacho, ambacho husemwa katika nyumba nyingi za Mishamo tangu makazi hayo yalipofunguliwa mwaka 1978 kwa wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972, husema "imbeba". Hivyo maelezo haya hayana budi kutolewa waziwazi.

Lakini damu ya panya mmoja ina kingamwili za aina nyingi zilizochanganyika. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge nchini Uingereza, walitangaza njia ya kupata aina moja tu. Walichukua seli za wengu wa panya, zinazotoa kingamwili lakini hufa upesi zikiwa nje ya mwili, wakaziunganisha na seli za saratani, ambazo huendelea kugawanyika bila kikomo. Seli chotara moja ikitengwa, uzao wake wote hutoa kingamwili ile ile. Mwaka 1984 walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Niels Jerne. Kwa watoto wetu mfano upo shambani. Mbegu za mahindi ya shamba lenye mchanganyiko huota mimea isiyolingana, ilhali pingili zilizokatwa katika shina moja la muhogo huota mihogo ya aina moja. Uzao wa namna hiyo huitwa kloni, neno la asili ya Kigiriki lenye maana ya kitawi.

Chombo hicho kimewasaidia watafiti kuchungua kundi la protini ambalo vitabu vyetu hulipita kimya, nalo ni komplementi. Ni protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa na ini. Hufanya kazi kwa kupokezana: moja ikiamka huiamsha nyingine, hata za mwisho zitoboe utando wa kijidudu. Iliyo nyingi kuliko zote katika damu ni C3. Ikikatwa, kipande chake hunata juu ya kijidudu kama alama ya kuwaita seli walaji. Zipo kingamwili za panya zinazotambua sehemu ijitokezayo baada tu ya protini kukatwa; hivyo mtafiti hupambanua silaha iliyolala na iliyokwisha kuchomolewa.

Silaha hiyo yaweza kumrudia mwenyewe. Kwa sababu hiyo seli nyekundu za damu zina protini walinzi juu ya utando wao, miongoni mwao CR1 na CD55. Ili kuwahesabu, mtafiti hutia katika damu kingamwili za panya zilizofungwa rangi ing'aayo, kisha mashine hupima mng'ao wa kila seli. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2000 juu ya watoto wa magharibi mwa Kenya ilionyesha kwamba wale wenye upungufu mkubwa wa damu uliotokana na malaria walikuwa na walinzi hao wachache kuliko kawaida. Basi mwalimu asiishie kusema kwamba vimelea "hula damu". Katika malaria hupotea pia seli zisizo na kimelea, tena nyingi kuliko zenye nacho.

Turudi kwenye zahanati. Aina ya kipimo itumikayo sana hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2. Kingamwili za panya zimefungwa kwenye chembe ndogo mno za dhahabu, ambazo ndizo zitoazo rangi ya mstari. Penye herufi T hunaswa zile zilizobeba protini ya kimelea. Penye C zimewekwa kingamwili za mnyama mwingine, aghalabu mbuzi, zinazonasa kingamwili za panya zenyewe. Waulize watoto kwa nini mbuzi. Waliofuata somo watajibu. Mstari wa C usipotokea, kipimo hicho hakifai, hata kama T imeonekana. Kadhalika HRP2 hubaki katika damu kwa majuma kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo mistari miwili si lazima iwe dalili kwamba dawa imeshindwa.

Kwa zana, mwombe mganga kipimo kisichotumika ambacho muda wake umepita. Kilichokwisha kutiwa damu kisiletwe darasani kamwe. Chora mistari yote miwili ubaoni, kisha waonyeshe watoto kwamba tone la damu hutoka kidoleni kwenda kwenye kipimo, wala hakuna kitu cha panya kinachorudi mwilini.