TUNDU LISILOPASWA KUZIBWA
Bomba la usalama la hita ya maji nyumbani

Methali yetu yasema kwamba usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni maneno ya hekima. Lakini katika nyumba yenye hita ya maji lipo tundu moja ambalo mwenye kuliziba ndiye huenda akajenga ukuta, na pengine kuuguza mtoto. Tundu hilo ni mdomo wa bomba dogo linaloshuka kutoka katika vali ya usalama.

Alfajiri mjini Mbale, ukungu ukiwa ungali umelala juu ya majabali ya Wanale, maji ya bomba huwa baridi kweli kweli. Ndiyo maana hita ndogo isiyo na tangi, ile inayopasha maji papo hapo yanapopita ndani yake, hupendwa na wengi. Haichukui nafasi, wala haimlazimu mama kuamka mapema kuchochea jiko.

Sasa tuchukue mfano. Askari arejea nyumbani kutoka zamu ya usiku, akuta sakafu ya bafu imelowa kwa matone yatokayo katika lile bomba dogo. Kwa nia njema atafuta kizibo, akikaza barabara. Matone yakoma, na nyumba nzima yafurahi. Kumbe amemfunga mdomo mlinzi aliyekuwa akipiga kelele za hatari!

Kwa nini maji yatafute njia

Maji yakipata moto huongezeka. Lita 100 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 za Sentigredi huongezeka kwa lita moja na nusu hivi. Bomba za moto zikiwa zimefungwa, na penye vali ya njia moja inayozuia maji kurudi yalikotoka, nyongeza hiyo haina pa kwenda. Hita isiyo na tangi hubeba maji machache, na swichi yake huizima mara maji yanapoacha kupita. Lakini swichi hiyo ikikwama, maji yale machache huchemka. Na lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika hewa ya wazi hujaza nafasi ya lita zaidi ya 1,600. Chombo kilichofungwa hakiwezi kuustahimili msukumo huo.

Wenzetu wanaoishi chini ya miteremko wana sababu nyingine ya kuwa waangalifu. Kila mita 10 za kimo cha maji huleta msukumo wa baa moja. Tangi lililoinuliwa mita 3 juu ya hita huleta baa 0.3 tu. Lakini maji yanayoteremka mlimani kwa bomba bila kupita katika tangi la kuvunja nguvu yatakuwa na baa 10 baada ya kushuka mita 100. Vali nyingi za usalama hufunguka kati ya baa 6 na 10, na kiwango chake huandikwa juu ya vali yenyewe. Huko Jinja, ambako maji ya Ziwa Victoria husukumwa kwa pampu, msukumo nao huweza kupanda usiku watu wanapolala na bomba zikifungwa.

Jinsi bomba linavyopaswa kuwa

Kwanza, upana wake usipungue upana wa mdomo wa vali. Pili, literemke moja kwa moja. Likipinda kwenda juu, maji yatatuama ndani na kuozesha vali. Tatu, lisiwekwe koki yoyote njiani. Nne, ncha yake isichongwe nyuzi za skrubu, ili asitokee mtu wa kuikazia kizibo. Tano, liwe la chuma, la shaba au la aina nyingine inayohimili maji ya moto. Mpira wa kumwagilia bustani haufai. Sita, liishie mahali panapoonekana, likielekea chini, kiasi cha sentimita 15 juu ya sakafu yenye mfereji, mbali na mapito ya watoto. Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde 5 hivi. Ngozi ya mtoto huungua upesi zaidi.

Ile koki ya kutolea maji chini ya hita ina kazi yake nyingine, nayo ni kusafisha. Zima umeme au gesi, funga maji yanayoingia, ngoja hita ipoe, ndipo ufungulie maji katika ndoo. Ukoko wa chokaa huondolewa kwa siki, kwa kufuata kitabu cha mtengenezaji.

Kwa wale wenye kichwa cha bafu cha umeme, sheria ni fupi. Chombo hicho hakina vali ya usalama kwa sababu mdomo wake hukaa wazi daima. Basi koki iwekwe kabla yake, kamwe isiwekwe baada yake. Na waya wa ardhini usikosekane.

Matone yakionekana

Matone machache wakati wa kupasha maji ni jambo la kawaida. Yakidondoka mchana kutwa, huenda msukumo umezidi, au takataka zimekwama katika vali, au vali imechakaa. Mwite fundi bomba apime msukumo. Ukizidi, aweke vali ya kuupunguza katika bomba la maji baridi. Vali ikiwa mbovu, aibadilishe.

Ajali ikitokea, jeraha la moto lipozwe kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Dawa ya meno na mafuta visipakwe.

Leo jioni, ndugu msomaji, kabla ya kuoga, inama uitazame ncha ya bomba lile. Ukikuta kizibo, zima hita, wala usiiwashe tena mpaka fundi akifungue.