Briji: Wakati wa kutafuta slamu na wakati wa kutulia

Na Mwandishi Wetu, Mtwara

MCHEZAJI wa karata katika baraza za Magomeni, mjini Mtwara, hahitaji kufundishwa maana ya turufu. Neno hilo, pamoja na kopa, shupaza na uru, liliingia katika Kiswahili kutoka kwa Wareno. Katika briji, hata hivyo, turufu hupatikana kwa mnada, na swali gumu la mnada huo ni iwapo wenza wawili waitafute slamu.

Briji huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, kila mmoja akiwa na karata 13. Kabla ya kucheza, kila upande hunadi idadi ya mizunguko unayoahidi kushinda. Kuahidi 12 ni slamu ndogo. Kuahidi zote 13 ni slamu kubwa. Msingi wa alama zinazotumika uliwekwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka 1925.

Hesabu ndiyo hakimu. Tuseme turufu ni shupaza, na zawadi ni zile za kiwango cha chini. Mkiahidi mizunguko 10 mkashinda 12, mnapata alama 480. Mkiahidi 12 na kuzitimiza, mnapata 980, yaani nyongeza ya 500. Mkiahidi 12 mkaambulia 11, mnatozwa 50, ilhali ahadi ya 10 ingewapa 450. Hasara nayo ni 500. Kwa hiyo, slamu ndogo inafaa pale uwezekano wa kufaulu unapozidi nusu. Slamu kubwa huongeza alama 530 juu ya slamu ndogo iliyoahidiwa na kutimizwa kwa 12, lakini mkishinda 13 nyongeza halisi ni 500 tu, na mkikosa mzunguko mmoja mnapoteza 1,030. Hiyo hudai uwezekano unaozidi theluthi mbili.

Uwezekano hupimwaje? Ree huhesabiwa 4, mfalme 3, malkia 2 na ghulamu 1. Jumla ya karata zote ni 40. Wenza wakiwa na 33, wapinzani hubakiwa na 7, hivyo hawawezi kuwa na ree mbili. Mwenzako akifungua mnada kwa moja bila turufu, akionyesha 15 hadi 17, nawe una 15, jumla haivuki 32: tulia, isipokuwa una aina ndefu ya karata. Ukiwa na 18, slamu ndogo inanadiwa moja kwa moja. Ni kwa 16 au 17 ndipo inapofaa kuuliza.

Kuuliza nako kuna gharama. Kila dau huwapa wapinzani habari, na swali likivuka ahadi ya 10, mnaweza kujikuta mmeahidi 11 mkashinda 10 tu.

Aidha, swali maarufu alilobuni Easley Blackwood mwaka 1933, dau la nne bila turufu, humtaka mwenza ataje idadi ya ree zake, si aina zake. Mwenye karata mbili dhaifu za uru hawezi kujua kama wapinzani wana ree na mfalme wa aina hiyo. Katika hali hiyo ni busara wenza watajiane kwanza aina walizo na kinga, kisha ndipo wahesabu ree.